Jora la Bomba Halikatwi

Benchi lililo mbele ya duka la fundi cherehani lina miguu mitatu yake na mmoja wa kuazima. Anayekaa mwisho wa kushoto lazima akae kwa adabu, la sivyo wote wanakwenda chini. Siku hiyo mwisho wa kushoto alikaa Bwana Harusi, mchonga funguo, na alikaa vibaya, kwa sababu redio ilikuwa imemgusa penye kidonda.

Redio yenyewe ni ya kinyozi wa mlango wa pili. Kwa kuwa kinyozi huyo huirudia habari kabla mtangazaji hajaimaliza, watu walimwita Redio, na jina alilopewa na mama yake sasa analijua mama yake peke yake.

"Mmesikia?" Redio alitoka na mkasi mkononi, akimwacha mteja na nusu kichwa. "Chuma kwisha habari yake! Mabomba yote ya zamani yameliwa na kutu. Wenye nyumba wanashauriwa waweke mabomba ya plastiki. Tena siyo plastiki ile ngumu. Hii inapinda!"

"Inapinda?" Fundi cherehani aliinua kichwa. Huyu wanamwita Futi, maana ile tepu ya kupimia haijawahi kumtoka shingoni, hata msibani. "Mimi nguo ikipinda natukanwa mpaka na watoto wa mteja. Bomba likipinda linasomwa kwenye taarifa ya habari!"

"Hujaelewa. Hili linapinda kwa hiari yake. Likifika kwenye kona halihitaji kuungwa, linakata kona lenyewe, linaendelea na safari."

"Kama Bwana Harusi akimwona mkewe anakuja," alisema Mama Birika, muuza kahawa, akimimina bila kutazama kikombe.

Wakacheka. Bwana Harusi ameoa miaka mingi iliyopita, lakini simu ya mkewe ikiita bado hujifuta vumbi la funguo kwanza ndipo aipokee. Jina likamganda. Kwa kawaida akitaniwa hivyo hucheka kuliko wote. Siku hiyo hakucheka. Alizungusha kikombe mkononi mpaka kahawa ikamwagika kidogo kwenye suruali, na hakuiona.

"Wewe, mbona umepoa kama kahawa ya jana?" Mama Birika akamuuliza.

"Mama mkwe anatoka hospitali Jumamosi."

"Si jambo la heri hilo?"

"La heri. Lakini goti limefungwa. Hainami, habebi ndoo. Na kwangu bafuni maji hayafiki tangu lile bomba la chuma life. Mke wangu ndiye anaingiza ndoo."

"Ehe?"

"Ehe, Vigae kasema mama aende kwake."

Vigae ni shemeji yake, kaka wa mkewe. Nyumba yake imepigwa vigae sakafuni, ukutani, mpaka kwenye ngazi ya nje ambako mvua ikinyesha wageni huteleza na kuangukia mlangoni kana kwamba wamekuja kuomba radhi. Huyo bwana hawezi kukuuliza hali bila kupitia kwenye vigae.

"Basi vizuri," alisema Futi. "Mama anapumzika kwa mwanawe."

"Na atauguzwa na nani?"

Bwana Harusi aliweka kikombe chini.

"Mke wa Vigae ana shughuli zake. Atakayeuguza ni wangu. Amesema atakwenda kukaa huko na mama yake. Kwa muda."

"Kwa muda!" Futi alishika kifua. "Maneno hayo nayajua. Shangazi yangu alikwenda kwa dada yake kwa muda. Amerudi ana wajukuu."

"Usimtishe mwenzio," alisema Mama Birika.

"Simtishi, namwandaa."

"Ameniambia wazi," aliendelea Bwana Harusi, na sauti ilikuwa imemshuka. "Bafuni kukiwa na maji kabla ya Jumamosi, mama anakuja kwetu na yeye haendi popote. Pasipokuwa na maji, nisimlaumu mtu. Jamani, mimi ile nyumba bila yeye naingia kufanya nini? Hata chumvi sijui inakaa wapi."

"Basi mwite fundi bomba," alisema Mama Birika.

Wanaume watatu wakamtazama kana kwamba amewatukania ukoo.

"Fundi bomba wa nini na sisi tupo?" Redio aliuliza.

"Nyie ni kinyozi, cherehani na funguo."

"Ufundi ni ufundi, mama. Mkono uliozoea kazi haubagui."

"Hata mkono uliozoea kula haubagui. Lakini hauingizwi jichoni."

Redio alijifanya hajasikia. Akamgeukia Bwana Harusi kama daktari anayemgeukia mgonjwa. "Nijibu. Bomba lako la zamani lilivuja wapi?"

"Kwenye kiungio."

"Na kabla ya hapo?"

"Kwenye kiungio cha jikoni."

"Na kabla ya hapo?"

"Kile kile. Kilitengenezwa, kikavuja tena."

"Mnaona? Watu wanalaumu kutu bure. Adui ni kiungio! Ukikata, lazima uunge. Ukiunga, lazima ivuje. Dawa yake ni moja tu. Hatukati."

"Hapo umesema," alidakia Futi. "Hilo bomba huuzwa limekunjwa, sivyo? Basi ni jora. Na mimi nimefundishwa na marehemu mwalimu wangu: jora likishatiwa mkasi halirudi kuwa jora. Kitambaa cha heshima hukikati ovyo."

"Lakini wewe unakata vitambaa kutwa," alisema Mama Birika.

"Ndiyo maana najua uchungu wake."

"Haya. Na jikoni? Maji yatatokaje jikoni kama bomba halikatwi?"

Redio na Futi walitazamana. "Hayo ni mambo ya kitaalamu, mama," alisema Redio, akarudi kumalizia kile kichwa kilichobaki.

Kesho yake Bwana Harusi alipita pale na jora zima begani, jipya, likinuka dukani. Nyumba yake iko ng'ambo ya njia, kiasi kwamba mtu wa benchini akipiga chafya, wa kule humwombea afya. Futi alifunga duka. Redio aliweka kibao cha NARUDI, akabeba mashine ya kukaushia nywele. Mama Birika akahamisha birika lake mpaka kwenye kona ambayo dirisha la jikoni linaonekana vizuri, maana biashara ni biashara lakini macho nayo yana haki yake.

Futi alianza kwa kuipima nyumba. Alipima ukuta wa mbele akasema, "Kifua." Alipima korido akasema, "Kiuno." Alipofika mwisho, akaongeza kipande kirefu juu ya hesabu yote.

"Hicho cha nini?" Bwana Harusi aliuliza.

"Cha kupungua. Kitu kikifuliwa hupungua."

"Bomba linafuliwa?"

"Kila siku! Kwani maji hayapiti ndani?"

Bwana Harusi akaanza kulikunjua jora.

Redio naye alipuliza bomba kwa ile mashine ya nywele likalegea, likaacha ubishi. Alikuwa na sharti moja tu: sebuleni lipite katikati ya ukuta, limenyooka. "Nyumba isiyo na njia ya katikati inaonekana haijachanwa," alisema. Bomba likaingia kutoka kwenye mita ya nje, likapita jikoni juu ya sinki, likaingia sebuleni likachanwa njia yake, likakata kona ya chumbani bila kuungwa, likatambaa na korido, likafika bafuni. Na lilipofika bafuni, zaidi ya nusu ya jora ilikuwa bado imekaa sakafuni, haina haraka.

"Si mkate hapo?" alisema mke wa Bwana Harusi, aliyekuwa mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo begani.

"Halikatwi, shemeji," walijibu Futi na Redio kwa pamoja.

Wakalipandisha darini, wakalitokeza nje, wakalizungusha lote juu ya mabati, mzunguko ndani ya mzunguko, wakalifunga kwa waya lisiruke. Kisha ncha yake wakairudisha chini bafuni, wakaitia koki inayong'aa. Walipofungua maji jioni, koki ilikohoa, ikapiga miayo, ikanyamaza muda mrefu kiasi cha kumfanya Bwana Harusi aanze kuomba kimoyomoyo. Halafu maji yakatoka. Yalikuwa baridi, safi, na hapakuwa na tone lililovuja popote. Redio na Futi walikumbatiana kama watu waliofukua kisima kwa kucha.

Mke wa Bwana Harusi hakukumbatia mtu.

"Baba," alimwita mumewe pembeni. "Hili bomba limeingia jikoni kwangu, limepita juu ya sinki langu, likatoka. Hata hodi halikupiga."

"Linakwenda bafuni, mke wangu."

"Na sebuleni lilikuwa linatafuta nini?"

"Linapita tu."

"Na chumbani kwetu?"

"Nako linapita."

"Mgeni amezunguka nyumba yangu yote mpaka paa amelikalia, na mimi hajanipa hata kikombe cha maji. Nitaosha vyombo bafuni?"

Bwana Harusi alitazama sinki kavu na bomba lililonona juu yake, akaona mkewe hajakosea hata neno moja. Hilo ndilo lililomuuma. Wangegombana angepata pa kujishikiza. Lakini mkewe alisema kwa upole tu, akageuka, akaenda kukunja nguo zake chumbani. Kama alikuwa anazikunja za kabatini au za safari, Bwana Harusi hakuthubutu kuuliza.

Jumamosi, jua la mchana likiwa limesimama wima, gari la Vigae likafika. Alishuka mwenyewe kwanza, akamshusha mama yake taratibu, mkongojo mkono mmoja. Mizigo akaiacha garini, na mlango wa nyuma akaufunga kwa ufunguo ili kila mtu aone kwamba umefungwa.

"Tunapita kusalimia tu," alitangaza. "Mama anataka kunawa harufu ya hospitali, halafu dada achukue vitu vyake twende. Nimesikia mmepata maji, lakini kwangu kila kitu tayari. Nimeweka vigae vipya, vya kuzuia utelezi." Kisha akainua macho akaona paa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Shemeji! Hilo chatu juu ya bati linataga lini?"

Hata Mama Birika alicheka kidogo, akajifunika mdomo.

Bwana Harusi alimsalimia mama mkwe kwa kuinama, macho chini, kama anavyopaswa. "Shikamoo, mama. Pole na safari. Maji yapo bafuni."

"Marahaba, baba. Kwa kweli yapo?"

"Yapo, mama."

Mke akamshika mama yake mkono wakaingia ndani. Mkwe hawezi kuzungukazunguka uani mama mkwe akiwa bafuni, kwa hiyo akavuka njia, akaja kukaa penye adhabu yake, mwisho wa kushoto wa benchi. Vigae alisimama ameegemea gari, ufunguo ukizunguka kidoleni. Redio alifanya jambo ambalo halijapata kuonekana mtaani: alizima redio.

"Mmefungua koki kuu?" Futi alinong'ona.

"Nimefungua," alijibu Bwana Harusi.

"Yakitoka machache, tuseme ni mgao."

"Yakitoka mengi?"

"Tuseme ni sisi."

"Nyamazeni," alisema Mama Birika.

Koki ya bafuni ilisikika ikikohoa. Ikapiga miayo. Kisha ukatoka ukelele uliopasua mtaa mzima:

"Uuuwi!"

Bwana Harusi aliruka wima. Benchi likafuata desturi yake. Futi alikwenda chini na tepu yake, Redio akaangukia juu ya Futi, vikombe vikaangukia juu ya Redio. Bwana Harusi hakugeuka. Alikimbia mpaka katikati ya njia, akasimama hapo hapo. Kuingia hawezi, ni mama mkwe. Kurudi hawezi, ni mama mkwe. Alishika kichwa kwa mikono miwili, na moyoni aliona kabati tupu, kitanda kipana, na chumvi isiyojulikana ilipo.

"Mmeniulia mama!" alifoka Vigae, akitupa ufunguo mfukoni. "Vyuma vya watu mnaacha, mnaleta mipira!"

Mlango ukafunguliwa. Mke wa Bwana Harusi akatoka, mikono imelowa mpaka viwiko, uso hausomeki.

"Nani kati yenu ametia moto kwenye maji?"

Vidole viwili viliinuka kwa pamoja, kila kimoja kikielekea kwa mwenye kingine.

"Ni Redio, na mashine yake ya nywele!" alisema Futi kutoka chini. "Nilimwambia asilipulize sana!"

"Mashine niliizima juzi! Muulize huyu aliyeongeza kipande cha kupungua!"

"Yana moto kiasi gani?" Bwana Harusi aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza bei ya jeneza.

"Ya moto wa kuogea. Mama alishtuka, alijiandaa kwa baridi."

"Sasa yukoje? Anasema nini?"

"Anasema mtu asimsumbue." Hapo uso wa mke ulianza kufunguka. "Ameketi kwenye kiti, goti ameliweka chini ya koki. Anasema tangu apasuliwe hajapata maji ya moto yanayojimwaga yenyewe. Anaimba."

Wakatega masikio. Kweli, kutoka kwenye kidirisha cha bafu ilisikika sauti ya kizee ikivuta wimbo wa kulazia watoto, ikikosea maneno na kuendelea tu bila wasiwasi.

Mama Birika ndiye aliyeinua macho kwanza. Alitazama mabati yanayometameta kwa jua, akatazama bomba lililojikunja juu yake, akatazama jua. "Aisee," alisema polepole. "Mmepika maji juu ya paa bila kujua."

"Bila kujua?" Redio alikuwa tayari amesimama, anajikung'uta. "Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yenyewe! Nishati ya jua! Mimi nilishalisema hili."

"Ulisema adui ni kiungio."

"Nililisema kwa ndani."

"Na kile kipande kirefu nilichoongeza?" alidai Futi. "Bila hicho mngepata moto? Mngepata uvuguvugu tu wa kumtia mtu mafua!"

Mama mkwe alitoka baada ya muda mrefu, uso unang'aa, mkongojo ameushika kama mtu anayeubeba kwa heshima yake tu. Bwana Harusi aliinamisha macho. Vigae alifungua mlango wa mbele wa gari.

"Twende sasa, mama. Dada, vitu vyako viko wapi?"

"Ngoja kwanza," alisema mama. "Kwako maji ya moto yapo?"

"Mama, kwangu kuna vigae vya kuzuia—"

"Nimekuuliza maji, mwanangu."

Vigae alikohoa, mfano halisi wa ile koki. "Ile hita iliungua. Lakini fundi amesema... Mama, bafu zima ni vigae mpaka juu!"

"Vigae vitanikanda goti?"

Vigae akaufunga tena ule mlango wa gari.

"Ishushe mizigo yangu, mwanangu. Nakaa hapa."

Bwana Harusi alimtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo mkewe alicheka, kicheko chake kile cha kutikisa mabega, na mchonga funguo akajikuta anafuta macho kwa mkono wenye vumbi la shaba, akazidi kuyaharibu. Hakuona haya. Alifurahi, na alitaka aonekane amefurahi.

"Mke wangu," alisema, "Jumatatu namwita fundi bomba. Wa kweli. Akate pale jikoni, akuwekee koki yako."

"Akate?" Futi alishika kifua.

"Akate."

"Mwanaume umetusaliti kweupe," alisema Redio.

"Jikoni akate atakavyo," alisema mama mkwe kutoka mlangoni, "lakini la juu ya bati mtu asinigusie."

Vigae alishusha mzigo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipomaliza hakuondoka. Alisimama uani, mikono kiunoni, shingo nyuma, akilitazama lile bomba aliloliita chatu. Halafu akavuka njia, akaja mpaka benchini, akainama kama mtu anayetaka kuuliza jambo la aibu dukani kwa watu.

"Hivi," alisema kwa sauti ya chini, "nyumba kama ile yangu... mnaweza kuipima lini?"

Futi alikuwa ameshavua tepu shingoni. Redio alikuwa ameshaingia kuchukua mashine yake, na kibao cha NARUDI kinaning'inia mlangoni. Waliingia wote kwenye gari la Vigae kabla hajabadili mawazo, kila mmoja akimweleza kwa nini jora la bomba halikatwi.

Mama Birika aliinua benchi, akalisimamisha kwenye mguu wake wa kuazima, akaanza kuokota vikombe.

"Masikini," alisema. "Vigae vya watu wenyewe vilikuwa vizuri."